Nyuzi Mbili za Fundi

Fundi alizaliwa wapi, sijui. Nilimuuliza mara moja tu, nikiwa kijana mwenye kazi mpya na maswali mengi. Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa kanzu yake, ndipo akanijibu.

“Mutu anaulizwa kwabo wapi kama amepotea njia. Weye unaona nimepotea?”

Akazirudisha pini mdomoni na kuendelea kunipima kiuno. Sikumuuliza tena, na mpaka leo siwezi kusema baba yake alikuwa nani. Ninachoweza kusimulia ni yale niliyoyaona nilipokuwa jirani yake katika mtaa wa Tshopo, Kisangani, miaka ile ya hamsini, mengi yake nikiwa nimesimama kwenye baraza yake, mikono nimeinyoosha kama mtu anayepekuliwa na polisi.

Hakuna aliyemwita jina. Wakubwa walimwita Fundi, sisi vijana tulimwita Papa Fundi, na wazungu wawili watatu waliomletea kaptula walimwita kwa kupiga makofi, jambo alilojifanya halisikii mpaka wachoke. Alikuwa na cherehani moja ya miguu, nyeusi, ambayo dhahabu ya maandishi yake ilikuwa imefutika kwa viganja vyake. Ilikaa kwenye baraza ikielekea njia, na njia yenyewe ndiyo iliyotugawa. Upande wake walikaa Wangwana. Upande wangu tulikaa sisi, watu wa kambi.

Mgeni angetuona sote weusi, sote tunasema Kiswahili sokoni, akadhani sisi ni kitu kimoja. Thubutu! Babu zao Wangwana waliletwa na wafanyabiashara waliotoka mashariki, wakabaki na dini, mpunga na kanzu. Babu zetu waliletwa na Leta, maana ndivyo tulivyoiita serikali, wakiwa askari wenye bunduki za watu wengine. Walipoachishwa kazi walipewa viwanja, wakabatizwa, wakabaki na Kilingala cha jeshini na kanisa. Kwa hiyo hakuna kati yetu aliyekuwa mwenyeji wa Kisangani. Wenyeji walikuwa wavuvi wa pale mtoni, nao walituangalia wote kama wageni waliosahau kuondoka.

Hilo halikutuzuia kudharauliana. Bibi zao waliwaita bibi zetu washenzi wasionawa mikono. Sisi, tulipopata suruali, tukawaita wao watu wa jana. Na kweli mambo yalikuwa yamepinduka. Zamani Mngwana akipita njiani watu wa kambi walimpisha. Lakini nilipoanza kazi ya ualimu katika shule ya misheni, makarani wa biro, yaani ofisi za Leta, walikuwa wa kwetu, wauguzi wa kwetu, walimu wa kwetu, hata wale wa reli kule Lubunga ng'ambo ya mto wengi walikuwa wa kwetu. Wangwana walilima mpunga, walishona, waliuza sokoni, wachache waliendesha malori. Nyumba zao zilikuwa kubwa kuliko zetu, lakini mabati yalikuwa ya zamani, na kwenye foleni ya biro walisimama nyuma wakiwa wameshika kofia zao mkononi.

Watu wengi waliyaona hayo na kulalamika au kujisifu, kila mtu kwa upande wake. Fundi peke yake ndiye aliyeyapima.

Katika chumba chake cha kwanza, ukutani, alitundika nyuzi mbili nene zilizopakwa nta. Mtu akishonewa nguo mpya, ya kazi au ya sherehe, Fundi alikata kipande cha kitambaa hicho, ukubwa wa kidole gumba, akakitunga. Cha Mngwana kilikwenda kwenye uzi wa kushoto, cha mtu wa kambi kwenye uzi wa kulia. Nguo kuukuu haikuingia, wala kugeuza kola, wala kiraka. Niliona mara ya kwanza nilipoingia kuomba maji, nikacheka, nikadhani ni mchezo wa mtu asiyetaka kutupa kitu.

“Cheka,” aliniambia, “lakini kisha kucheka, soma.”

Nikasoma. Uzi wetu ulikuwa na kaki, drili nyeupe, kaki tena, sufu ya kijivu ya karani aliyepandishwa cheo, drili, gauni la arusi lenye maua, joho la watoto wa kwaya. Uzi wao ulikuwa na marekani, ile pamba nyeupe ya kanzu, marekani tena, kikoi, marekani, kaki moja ya dereva, kisha marekani mpaka chini, na hapa na pale kipande cha gauni la mtoto chenye fundo jekundu. Na ulikuwa mfupi kuliko wetu kwa mkono mzima. Kila Ijumaa akitoka msikitini alipitisha vidole juu ya nyuzi zote mbili, kutoka juu mpaka mwisho, akasema neno moja: “Bado.” Kisha akaenda kula.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Alipenda shule kuliko mtu yeyote niliyemjua, lakini alikataa kabisa kujifunza Kifaransa. Chote alichokuwa nacho kilikuwa bon, donc na alors, naye aliyatumia kama pini, ya kushikiza maneno mengine mahali pake. Alitucheka kwa suruali zetu, “mifuko mine na yote haina kitu”, lakini yeye mwenyewe alikuwa na suruali moja ya kijivu ndani ya sanduku, iliyopigwa pasi mpaka inasimama peke yake. Aliivaa chini ya kanzu siku za kwenda biro. Nilimwona kwa macho yangu akisimama kando ya posta, akaivua kanzu, akaikunja kama mtoto mchanga na kuiweka kwenye kikapu, kisha akaingia biro kama mtu wa kambi. Alipotoka aliivaa tena. Sikumwambia kama nilimwona, na nadhani alijua.

Alichukia umbea, lakini hakuna aliyejua habari za mtaa kama yeye, kwa kuwa kiuno hakifichi. Alijua nani analala na njaa na nani anapewa bia na Wagiriki wa dukani. Alijua mwanamke ana mimba kabla ya mume wake. Alichosema ni “Pima tena” tu, akazungusha utepe mara ya pili, na mwenye siri akajua siri imeshapimwa. Pini zake alizihesabu jioni kama mchungaji na mbuzi, na ikikosekana moja hakuna aliyeruhusiwa kutoka barazani. Lakini kitambaa alikigawa ovyo. Nusu ya watoto uchi wa pande zote mbili za njia walivaa mabaki yake, nao hawakuingia kwenye uzi wowote.

“Zile nimetoa bule,” alisema. “Uzi haihesabu sadaka. Inahesabu mutu amefika wapi.”

Siku moja nilimpa jibu langu kuhusu zile nyuzi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimetoka kupandishwa darasa la kufundisha, na kichwa changu hakikuenea kwenye kofia. Nikamwambia kwamba labda sisi watu wa kambi tuna akili zaidi, au tunapenda kazi zaidi, na Wangwana wanapenda kukaa. Hakukasirika. Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

“Bon. Babu yako alitoka wapi?”

“Maniema.”

“Na babu ya ule jirani yangu, muuza muchele?”

Nikasema sijui. Akaniambia: Maniema, mto ule ule, pengine kijiji kile kile. Mmoja alichukuliwa na watu wa bunduki, mwingine na watu wa pembe za ndovu. Kilichofuata si akili.

“Siku munatiwa maji, Padre anaandika jina, anaandika siku, anawapa cheti. Na cheti munaingia shule. Na shule munaingia biro. Sisi mutoto anazaliwa, tunachinja mbuzi, tunasoma dua, tunapika pilau, watu wanashiba. Alors, unaenda biro kuonyesha nini? Mbuzi?”

Nilicheka, yeye hakucheka. Shule zote wakati huo zilikuwa za misheni, na mtoto aliyeingia Hamisi alitoka Albert. Wangwana walikataa kuwauza watoto wao kwa jina, na sisi tuliwaita wajinga kwa kukataa. Niliona haya, na naandika hapa kwamba niliona haya, kwa sababu siku ile sikumwambia.

Kisha kikaja kisa cha karani wa hesabu ya watu. Leta ilitaka kujua nani yuko mjini, na karani aliyepita njia yetu alikuwa kaka yangu wa ukoo, mtu wa kambi, amevaa drili ambayo Fundi mwenyewe aliishona. Alimuuliza kazi, akamuuliza watoto, akamuuliza kama anajua kusoma na kuandika. Fundi akaleta kitabu chake cha vipimo. Kila mteja alikuwamo, kifua, kiuno, mguu, yote kwa Kiswahili safi kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kiasi kwamba hata mimi nisiyeujua nilipenda kuuangalia. Karani aliutazama, akafunga kitabu, akaandika: hapana.

Nilikuwa pale. Niliona kalamu ikiandika hapana.

“Simama,” Fundi alimwambia, akazungusha utepe kiunoni mwake. “Umenenepa vidole viwili. Ile suruali yako iko mu hii kitabu. Kama haikuandikwa, weye unavaa nini?”

Watu waliangua kicheko, karani naye akacheka, akaenda nyumba ya pili. Lakini Fundi alivunja sindano mbili mchana ule, mtu ambaye angeweza kushona miezi bila kuvunja hata moja. Nadhani siku hiyo ndipo alipoamua habari ya Zaina.

Zaina alikuwa binti yake wa mwisho, mtoto wa uzee, mwembamba na mrefu kama baba yake, mwenye maswali ya kuchosha. Habari zilikuwa zimeanza kuenea kwamba Leta inafungua shule yake yenyewe, isiyo na padre wala ubatizo, na kwamba hata wasichana watapokelewa. Wangwana wengi hawakusadiki. Fundi alikuja kwangu adhuhuri, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

“Mwalimu, mufundishe Zaina herufi zenu. Na siku ya kuandikisha utaenda na miye. Ile direktere, mukubwa wa shule, anasema Kifaransa, miye niko na maneno matatu.”

Nikakubali yote mawili. La kwanza nililitimiza. Nilikaa na Zaina barazani kila alasiri, naye aliandika kwa chaki ya fundi juu ya mapande ya kaki, a, e, i, o, u, kisha baba yake akayapangusa na kukata suruali. Nina hakika makarani kadhaa wa Kisangani walitembea na irabu ndani ya mapaja yao. Msichana alikuwa mwepesi kuliko wanafunzi wangu thelathini wa misheni, na hilo nililiona wiki ya kwanza.

La pili sikulitimiza. Siku chache kabla ya kuandikisha, Padre mkubwa alitukusanya walimu. Alisema mwalimu atakayepeleka watu kwenye shule ya Leta anachimba shimo chini ya kanisa linalomlisha. Hakutaja mtu. Mimi nilikuwa na mke na binti mchanga aliyebatizwa mwezi ule ule. Asubuhi ya kuandikisha nilijifunga kitambaa kichwani, nikajifunika shuka, nikamtuma mke wangu aseme nina homa.

Kwa hiyo Fundi alikwenda peke yake na Zaina, na alikwenda kama anavyokwenda fundi anayejua kazi yake. Alikuwa amemshonea gauni kwa wiki tatu. Lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, lenye kudariziwa shingoni na pindoni kwa uzi wa kijani, likishuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Shangazi yake alimfunga mtandio, akampaka wanja, akamwazima viatu vyenye kisigino kidogo. Hivyo ndivyo Wangwana wanavyompeleka mtoto mbele ya mtu mkubwa, amefunikwa, ametengenezwa, ana heshima. Nililichungulia kwa dirisha likipita. Lilikuwa gauni zuri kuliko yote aliyowahi kushona.

Alirudi kabla ya saa sita. Nilisikia hatua zake, nikajifunika vizuri. Mke wangu alifungua mlango, kisha akasema kwa sauti ambayo sijaisahau:

“Amuka, mugonjwa. Uji yako imefika.”

Fundi alikuwa amesimama na bakuli la uji wa mchele, wa moto, umetiwa tangawizi. Alikuwa amekataliwa shuleni, akapita nyumbani, akakumbuka kwamba mimi ni mgonjwa. Niliufungua mdomo nimshukuru, nikaanza kulia. Nikamwambia ukweli wote, habari ya Padre na ya shuka.

Fundi aliliweka bakuli mbele yangu. Kisha akaninyang'anya kitambaa cha kichwani, akakikunja vizuri, akakiweka mezani.

“Bon. Donc ni homa ya Padre. Kunywa uji, ni ya homa yote.”

“Walisema nini, Papa Fundi?”

“Anaomba cheti. Sina. Anaangalia mutoto kutoka chini mpaka juu. Anasema wanapokea miaka sita na saba, hii iko mukubwa, hii ni wa kuolewa.”

Zaina alikuwa na miaka sita. Nilimtazama amesimama mlangoni na wanja wake, na kisigino chake, na lile gauni refu, nikaona alichokiona direktere, msichana wa miaka kumi au kumi na moja anayengoja mume. Kama ningekuwa nimekwenda ningeliona hilo njiani na kumwambia baba yake. Nilimwambia sasa, pole pole. Fundi aliligeukia gauni lake, akalishika pindo.

“Miye mwenyewe,” akasema. “Miye mwenyewe nimemushonea miaka.”

Nilidhani ataacha. Wazee wa msikitini walimwambia ndiyo heri, binti akae nyumbani ajifunze kudarizi. Yeye alisema mwaka ujao Zaina atakuwa na miaka saba, ndio mwaka wa mwisho, na ataingia. Mwaka ule wote hakumshonea mtu yeyote aliyemwambia habari ya kuacha mpaka amwombe radhi. Kwangu alisema jambo moja tu, akininyooshea mkasi.

“Mwaka ingine utakuja na homa yako. Utakaa nayo pale, pembeni yangu.”

Mwaka ukafika. Asubuhi ya kuandikisha nilivaa suruali yangu nzuri, nikavuka njia. Baraza ilikuwa imejaa watu. Zaina alikuwa amesimama juu ya kigoda akiwa na lile gauni jeupe, ambalo mwaka mzima lilikuwa limefungiwa sandukuni. Viatu vya kisigino havikuwepo, wala wanja. Fundi alipiga magoti, akapima kwa utepe mpaka gotini, akatia alama ya chaki. Akapima tena. Kisha akaweka mkasi.

Msimamizi wa msikiti, mteja wake wa miaka yote, alishindwa kuvumilia.

“Fundi, binti ya Mungwana anaonyesha magoti?”

“Magoti ya mutoto wa miaka saba,” Fundi akajibu bila kuinua kichwa. “Kama weye unaona kitu ingine, funga macho.”

Mkasi ukazunguka. Darizi ya pindoni, kazi ya wiki nzima, ilianguka sakafuni duara zima. Mkewe alijifunika uso kwa kikwembe alichojitanda. Zaina alijitazama miguu, akaruka kutoka kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza siku zile alionekana alivyokuwa, mtoto. Kabla ya kutoka Fundi aliingia chumba cha kwanza, akautungua uzi wa kushoto ukutani, akausokota ndani ya kikapu. Sikuelewa kwa nini.

Shuleni direktere alikuwa mtu mwekundu, mwenye jasho, si mtu mbaya. Alimtazama Zaina, akaonekana kuridhika kidogo, kisha akauliza tena lile lile, cheti cha kuzaliwa. Nikatafsiri. Fundi akautoa uzi, akautandaza juu ya meza, juu ya karatasi zote za Leta.

“Mwambie hivi. Hii ya kwanza, nyeupe ya maua, ni ya siku saba, siku alipewa jina. Kisha, kila Idi ya kufunga Ramadhani nilimushonea gauni mupya, na kila gauni nilitunga. Iko kati ya vipande vya wengine, na vyake vyote nimetia fundo ya uzi mwekundu. Ahesabu.”

Nikatafsiri. Direktere alicheka kwanza. Halafu akainama, akaanza kuhesabu mafundo mekundu kwa ncha ya kalamu. Fundi akafungua kitabu cha vipimo, akamwonyesha urefu wa kila gauni, nami nikausoma kwa Kifaransa kama Fundi alivyoutaja, kutoka mkono mmoja na kidole mpaka pale gotini. Mafundo yalikuwa saba baada ya kile kipande cha jina. Direktere aliyahesabu mara mbili. Pima tena, nikafikiri.

Alisema atahitaji shahidi mmoja mwenye karatasi zake, atakayetia sahihi kwamba anamjua mtoto huyu na umri wake. Kisha akanitazama mimi. Fundi hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anazungusha uzi wake mkononi, pole pole, kama mtu mwenye siku nzima.

Nilitia sahihi. Niliandika jina langu lote, na kazi yangu, na jina la shule ya misheni, kwa kuwa fomu iliuliza. Wiki haikuisha Padre akaniita. Hakupiga kelele. Alinieleza kwamba Opala inahitaji mwalimu, na mashua inaondoka Jumatatu.

Nilikaa Opala, kule kwenye mto Lomami, zaidi ya miaka minne, nikifundisha chini ya paa la majani watoto ambao baba zao walikuwa mitegoni. Nilikasirika mwaka wa kwanza, nakiri. Nilimkasirikia Padre, nikamkasirikia Fundi, nikajikasirikia mimi. Baadaye nilianza kumfikiria akipitisha vidole juu ya nyuzi kila Ijumaa, na hasira ikaenda zake. Sikumwandikia. Angesomewa barua yangu na nani, nilijiuliza, nikasahau jibu nililolijua vizuri: Zaina.

Nilirudi Kisangani karibu na mwisho wa miaka ile, watu wakiwa wameanza kusema siasa hadharani. Kesho yake nilivuka njia na binti yangu, amefikia miaka mitano na kitu, ananishika kidole. Fundi alikuwa pale pale. Macho yake yalikuwa yamefifia, hata sindano alikuwa hajitilii uzi. Aliyemtilia alikuwa msichana mrefu mwenye gauni la shule la buluu, kitabu kimefunguliwa mapajani.

“Tonton amefika,” Zaina akasema, akiniita mjomba kwa Kifaransa. “Ule wa homa.”

Fundi alicheka mpaka akatoa pini mdomoni. Alinishika kiuno kwa mikono miwili, bila utepe.

“Opala wanakula vibaya. Ingia, usome.”

Nyuzi zilikuwa ukutani. Wa kwetu ulikuwa bado mrefu, sasa ukiwa na tergal, kile kitambaa kipya cha Ulaya, na tai. Wa kwao ulikuwa bado mfupi, niliupima kwa macho, labda kwa nusu mkono. Lakini mwisho wake haukuwa marekani tena. Vilikuwa vipande vya buluu, buluu, buluu, kimoja kimefungwa fundo jekundu na vingine havina, watoto wa muuza mchele, watoto wa dereva, mjukuu wa yule msimamizi wa msikiti. Vingi vilikuwa vya magauni.

“Bado,” Fundi akasema nyuma yangu. “Lakini sasa angalia ya kwenu. Angalia muzuri. Buluu ya gauni iko wapi?”

Nikatafuta. Nilipitisha vidole kutoka juu mpaka chini kama yeye alivyofanya. Kaki, drili, tergal, suruali za wana, suruali za baba zao, magauni ya arusi. Hapakuwa na buluu hata moja ya msichana. Binti zetu wa kambi walikwenda kwa masista mwaka mmoja miwili, wakajifunza kufuma na sala, wakaolewa. Wangu nilikuwa nimekwisha kumwahidi mama yangu wa Lubunga kwamba atakwenda kukaa naye, amsaidie shambani. Sikuwa nimelifikiria mara mbili.

Fundi hakuningoja. Alipapasa hewani mpaka akakipata kichwa cha binti yangu, akaukuta urefu wake kwa kiganja, akamwinua na kumsimamisha juu ya kile kigoda.

“Cheti iko?” akaniuliza.

“Iko, Papa Fundi. Ya Padre.”

“Muzuri. Nyinyi cheti haiwakosi.” Akamgeukia Zaina. “Lete ile buluu. Na utepe.”

Zaina alileta. Yeye ndiye aliyesoma namba kwa sauti, kwa kuwa baba yake hakuziona tena. Fundi alipiga magoti kwa shida, akashika pindo la kitambaa, akapima mpaka gotini. Akapima tena. Kisha akakata.